Goti la ACL kutoka kitandani hadi uwanja wa Mkwakwani: mwongozo kwa kijana mchezaji na watu wa nyumbani kwake

Kaa kijiwe chochote cha mpira hapa Tanga, uwe Ngamiani au Chumbageni, utasikia habari ya kijana aliyekuwa moto, goti likaenda, akapasuliwa, akarudi uwanjani baada ya miezi mitano, likaenda tena. Watu humlaumu daktari. Mara nyingi daktari hana kosa. Kijana alirudi siku goti lilipoacha kuuma, na goti huacha kuuma miezi mingi kabla halijawa tayari kwa mechi. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinatokana na jambo hilo moja.

Ninaowaandikia ni wachezaji wa miaka 15 hadi 25 hivi waliowekewa kano mpya ya mbele ya goti, ile ambayo uwanjani kila mtu sasa anaiita ACL, pamoja na mama, bibi, kaka na kocha wanaowazunguka. Daktari aliyekupasua ndiye anayejua alichokikuta ndani. Akisema tofauti na haya, fuata lake.

Elewa kwanza ulichofanyiwa

ACL iliyokatika kwa kawaida haiunganishwi tu kwa uzi ikashika. Daktari huchukua kipande cha kano kutoka mwilini mwako mwenyewe, ama nyuma ya paja, ama chini ya pia ya goti, ama juu yake. Anakipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mfupa wa paja na wa muundi, kisha anakibana. Kipande hicho kimetengwa na damu yake, na kama mche uliohamishwa, hunyauka kwanza ndipo kishike. Siku ya upasuaji kina nguvu. Baadaye kinalegea huku mwili ukikipenyezea mishipa mipya ya damu, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 ndipo kinapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Kukomaa kabisa huchukua mwaka na zaidi.

Sasa piga hesabu. Wiki ya 8 maumivu yameisha, magongo umeyarudisha, unatembea hadi sokoni bila mtu kujua kama uliwahi kupasuliwa. Ndiyo wiki ambayo kano yako ni legelege.

Kabla hujatoka hospitali

Chukua daftari uandike majibu ya maswali haya: Kano imetolewa wapi? Meniska, lile gegedu la katikati ya goti, nayo imeshonwa? Naruhusiwa kukanyagia kiasi gani, na kukunja hadi wapi? Nyuzi zinatoka lini? Mazoezi atanisimamia nani nikifika nyumbani? Kama meniska imeshonwa, huenda ukakaa na magongo wiki 4 hadi 6, na ratiba yako haitafanana na ya mwenzako aliyepasuliwa siku moja na wewe. Usijilinganishe naye.

Ukipasuliwa Dar es Salaam, una safari ya kilomita 350 hivi kurudi Tanga, na kukaa saa nyingi bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Muulize daktari siku gani inafaa kusafiri. Kata tiketi ya kiti utakachoweza kunyoosha mguu. Pandisha na kushusha unyayo kama unayepampu, mara 20 au 30 kila nusu saa. Basi likisimama Segera, shuka na magongo yako utembee kidogo. Ukifika, ulizia huduma ya fiziotherapia (mazoezi ya tiba) mapema, uanzie hospitali ya Bombo, usingoje nyuzi zitoke.

Hatua ya 1: wiki mbili za mwanzo

Kazi ni tatu tu: goti linyooke kabisa, uvimbe ushuke, na misuli ya mbele ya paja iamke. Kukunja kutakuja. Kinachowaponza wengi ni kunyoosha.

Hapa ndipo huruma ya nyumbani inapoharibu. Bibi anamwona mjukuu amelala, anasema, "Mletee mto umuwekee chini ya goti, mwenzio anaumwa." Mto chini ya goti unatuliza kweli, lakini goti linapoa likiwa limekunjika, makovu yanajijenga mbele ya kano, na baada ya wiki chache halinyooki tena. Wapo wanaorudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu hiyo. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lenyewe lining'inie hewani. Kama huna mto mgumu, kunja taulo. Kaa hivyo dakika 10, mara nne au tano kwa siku. Inavuta, inachosha, na haina njia ya mkato. Kujua kama umefika, lala kifudifudi kitandani, nyayo zikiwa nje ya godoro. Visigino viwili viwe usawa mmoja. Kile cha mguu uliopasuliwa kikiwa juu, bado hujanyooka.

Misuli ya paja huzimika baada ya upasuaji. Utaiambia ikaze, isikusikie. Keti mguu ukiwa umenyooka, sukuma nyuma ya goti iende chini, kaza paja kwa hesabu ya tano, achia. Rudia mara 10, na mchana ukipita uwe umefanya awamu nyingi. Ukiweza kuinua mguu wote uliopasuliwa kutoka sakafuni bila goti kulegea hata kidogo, paja limeamka. Kukunja unaanza polepole: keti sakafuni kwenye saruji, vaa soksi au weka kisigino juu ya kipande cha kitenge, ukiburute taratibu kuja kwako hadi unapoanza kuhisi goti linakaza, kisha urudishe.

Barafu ni rafiki yako. Vile vifuko vya barafu wanavyouza majirani vinatosha kabisa; viwili vitatu, uvifunge kwenye khanga, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Usiiweke barafu juu ya ngozi moja kwa moja. Ngozi ya upande wa nje, chini ya jeraha, mara nyingi huwa na ganzi kwa miezi, na penye ganzi unaweza kuungua kwa baridi usijue.

Na sasa suala la mchua. Tanga ina wachua wazuri, sibishi, na kifundo kilichoteguka nimeona wakikifanyia maajabu. Goti hili silo. Maji ya moto yanaongeza uvimbe, na mtu akikukunja kwa nguvu "ili lifunguke" anaweza kung'oa kile daktari alichokibana. Mafuta, muarobaini na dawa nyingine za kupaka visiguse jeraha. Mwambieni mama kwa heshima, lakini mwambieni mapema, kabla hajamwita mchua.

Dawa za maumivu meza ulizoandikiwa, usiongeze za duka la dawa kwa kujishauri. Kwa aliye kwenye dozi na Ramadhani imemkuta, amuulize daktari jinsi ya kupanga dawa na maji kabla ya kufunga.

Rudi hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho, ukiona lolote kati ya haya: kigimbi kinauma na kimevimba, jeraha linatoa usaha, limewaka jekundu, au una homa, goti limevimba ghafla na maumivu yanazidi badala ya kupungua. Pumzi zikibana au kifua kikichoma, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Hatua ya 2: tayarisha nyumba

Karatasi za hospitali huliruka hili, na ndilo linalosumbua zaidi.

Choo cha kuchuchumaa hakifai kwa miezi kadhaa. Fundi seremala atakutengenezea kigoda chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, au unatoboa kiti cha plastiki kilicho imara. Kijaribuni kwanza na mtu mzito. Sakafu ya choo ikiwa na maji, gongo huteleza, kwa hiyo mtu aikaushe kabla hujaingia, na ndala zilizolika zitupwe.

Sala unaswali kwenye kiti, mguu umenyooka mbele. Aliyetolewa kano chini ya pia ya goti atapata shida ya kupiga magoti kwa muda mrefu hata baada ya kupona, asishtuke. Kula mkekani kwa kukunja miguu pia kuache kwa sasa, omba stuli. Godoro likiwa chini, liinuliwe, maana kuamka kutoka sakafuni kunalikunja goti kuliko unavyodhani.

Bodaboda hapana. Si ajali peke yake, hata kule kupanda na kushuka. Panda bajaji, ukae kiti chote cha nyuma, mguu umelala juu yake. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima, yaani ule usiopasuliwa. Ukishuka, magongo na mguu uliopasuliwa vitangulie.

Chakula hakihitaji fedha nyingi. Misuli inataka protini kila mlo: bada (ugali wa muhogo) kwa samaki, maharage, dagaa, mayai, maziwa. Machungwa ya Muheza yapo, kuleni.

Hatua ya 3: hadi wiki ya 6

Magongo unayaacha ukiwa unatembea bila kuchechemea, siyo unapoyachoka. Kuchechemea kukizoeleka, kuacha ni kazi ya miezi. Anza kuacha gongo moja (baki na lile la upande wa mguu mzima), kisha la pili.

Sasa baiskeli, na hapa watu wa Tanga tuna bahati. Tafuta ile yenye stendi ya miguu miwili kwa nyuma, inayoliacha tairi la nyuma likielea. Isimamishe kando ya baraza, upande kutoka barazani ili usilazimike kurusha mguu, na kama kuna baiskeli ya kike itumie hiyo. Mtu ashike usukani. Tandiko liwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini mguu unakaribia kunyooka. Siku za mwanzo hutamaliza mzunguko: unakwenda mbele nusu, unarudi nyuma nusu, kama saa inayosuasua. Siku goti likifika kama nyuzi 110 za kukunja, pedali inazunguka yenyewe, na uso wa mchezaji siku hiyo huwa kama amefunga bao. Dakika 10, halafu 15, halafu 20. Barabarani bado.

Kama kano ilitolewa nyuma ya paja, usivute kisigino kwa kushindana na uzito wowote mpaka mtaalamu wako wa mazoezi aseme. Kuna wanaosikia kitu kimefyatuka nyuma ya paja wakiinama kuokota simu.

Kila jioni pima maji ya goti. Keti mguu umenyooka na paja limelegea. Kwa kiganja, sukuma upande wa ndani wa goti kuelekea juu mara mbili tatu. Kisha pitisha kiganja upande wa nje kutoka juu kushuka chini, huku macho yako yakiwa upande wa ndani. Ukiona panatuna na kujaa, ndani kuna maji. Jifunze kipimo hiki, utakitumia mwaka mzima.

Hatua ya 4: wiki ya 6 hadi mwezi wa 3

Mazoezi ni kuketi na kuinuka kitini, kupanda kidaraja kimoja na kushuka, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kusimama kwa mguu mmoja huku unapiga mswaki. Jeraha likifunga kabisa na daktari akiruhusu, maji ya Raskazone yanafaa sana: tembea maji yakikufika kifuani, bahari ikiwa imejaa, maana ikipwa unakanyaga mawe yenye utelezi. Kuogelea kwa kupiga miguu kama chura kuache.

Hapo unaruhusiwa mengi. Unachokatazwa kuliko vyote ni mpira. Hata danadana za uani, hata "nawapasia tu watoto". Guu likiwa limekanyaga na mwili ukageuka, kano inaweza kukatika, na kugeuka huko huja kabla hujafikiri.

Hatua ya 5: mwezi wa 3 hadi wa 6

Hatua hii inachosha kuliko zote na ndiyo inayoamua. Mashabiki wamekusahau, mtaalamu unamwona mara chache, maumivu hakuna. Wengi huacha mazoezi hapa. Paja la mguu uliopasuliwa bado ni jembamba, lipime kwa futi ya fundi cherehani sentimita 10 juu ya pia ya goti, ulinganishe.

Nguvu hujengwa kwa uzito. Dumu la lita 10 lenye maji ni kilo 10, la lita 20 ni kilo 20, na hakuna anayehitaji jimu ya kifahari ili kuanza. Kuchuchumaa hadi usawa wa kiti, kupanda kidaraja na dumu mkononi, kupiga hatua ndefu na kushuka, kuinua nyonga kwa mguu mmoja. Awamu 3 za mara 8 hadi 12, siku 3 kwa wiki na mapumziko katikati, uzito ukipanda taratibu. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Kesho yake asubuhi pima maji ya goti: yakiwa yameongezeka, punguza, yakiwa hayapo, ongeza.

Kukimbia kunaanza kati ya mwezi wa 3 na wa 4 kwa walio tayari, na utayari maana yake goti linanyooka na kukunjika kama la pili, halina maji, na unaweza kushuka na kuinuka kwa mguu mmoja mara 10 bila goti kuyumba kwenda ndani. Anza kwa kutembea dakika 2, kukimbia polepole dakika 1, mara 8 au 10, siku moja ndiyo moja hapana. Chagua nyasi tambarare. Mchanga wa ufukweni unaonekana mlaini lakini unageuka chini ya mguu. Uache hadi miezi ya mwisho.

Hatua ya 6: kuruka, kugeuka, kupimwa

Kuruka kwa miguu miwili kwanza, kutua kimya, magoti yakiangalia mbele. Baadaye mguu mmoja. Baadaye kukata kona polepole, kisha kwa kasi. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu kutoka mbele. Goti likiangukia ndani wakati wa kutua, hujawa tayari, hata uruke mbali kiasi gani. Wasichana wa netiboli na soka waliangalie hili zaidi, kwa sababu ACL hukatika kwao mara nyingi kuliko kwa wavulana wanaocheza mchezo uleule.

Kipimo cha uwanjani: weka alama, ruka kwa mguu mmoja mbele uwezavyo, utue kwa mguu uleule bila kuyumba, pima. Mara tatu kila mguu, chukua iliyo bora. Mguu uliopasuliwa unatakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Mguu mzima ukiruka sentimita 160, huu ufike 144. Rudia kwa miruko mitatu mfululizo. Ila usidanganyike na hesabu: mguu mzima nao umelegea kwa kukaa, na mchezaji mjanja huruka kwa nyonga akalificha paja lililo dhaifu. Ndiyo maana nguvu ya paja ipimwe peke yake, kwa kifaa kama kipo.

Kalenda nayo ina neno lake. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 uliwafuatilia wachezaji waliorudi kwenye michezo ya kugeuka na kugongana, na kila mwezi waliosubiri, hadi mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Kwa walio chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani, takriban mmoja kati ya wanne huumia ACL tena, ya goti lile au ya goti la pili. Kwa hiyo miezi 9 ndiyo mwanzo wa mazungumzo, na vipimo vipite pia. Kwa mtoto ambaye mifupa bado inakua, wataalamu wengi hutaka angalau 12.

Hapo UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, itapita, na ndondo yenye zawadi ya ng'ombe itapita. Viongozi wa timu watakuja nyumbani jioni na maneno matamu: "Dakika 20 tu, mwanetu, tunakuhitaji." Mzazi ndiye awajibu, asiachiwe kijana wa miaka 17.

Hatua ya 7: kurudi kikosini

Kwanza mazoezi na timu bila kugombania mpira, wiki kadhaa. Kisha kugombania. Kisha mechi ya mazoezi, dakika 20, halafu kipindi kimoja, halafu mechi nzima, kila ngazi irudiwe zaidi ya mara moja kabla ya kupanda. Daluga zenye meno marefu kwenye uwanja mkavu hunasa na kulipindua goti. Tumia zenye meno mafupi.

Kupasha misuli kuwe ule mpangilio wa FIFA 11+, dakika 20 za kukimbia, mazoezi ya nguvu, mizani na kuruka, angalau mara mbili kwa wiki, timu nzima ifanye na si wewe peke yako pembeni. Hofu ya kuingia kwenye mpira wa kugombania ni ya kawaida. Ikizidi kiasi cha kukufanya uchelewe kila mpira, rudi kwenye mazoezi ya kugombania na mtu mmoja unayemwamini mpaka ipungue.

Asubuhi baada ya kila mechi, kile kipimo cha maji ya goti. Yakiwepo, rudi ngazi moja nyuma wiki nzima. Yasipokauka kwa siku mbili, kocha aambiwe kabla hajapanga kikosi cha Jumamosi, na mtaalamu alione goti wiki hiyohiyo.